Bomba la Upande wa Kulia

Jina la Bi Nta hakupewa na wazazi wake. Alipewa na daktari wa meno aliyemwajiri, siku alipoingia chumba cha nyuma akamkuta amechafuka nta mpaka kwenye nyusi. Wauguzi wakalidaka, wagonjwa wakalizoea, na mwisho hata mume wake akaacha kuhangaika na jina jingine. Bi Nta alikuwa fundi wa meno ya bandia. Daktari alikung'oa jino na kukuchukua chapa ya kinywa, lakini aliyekurudishia tabasamu alikuwa yeye, na wewe ukaondoka bila kumwona. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya mlango usio na kibao: meza ya bati, taa ya shingo ndefu, kibatari cha spiriti cha kuyeyushia nta, mashine ya kusugulia iliyolia kama mbu, na rafu ya vinywa vya plasta vilivyoachama kimya, kila kimoja na jina la mwenyewe chini yake.

Kazi hiyo haina huruma na mtu wa kubahatisha. Ukikosea kwa unene wa karatasi, mgonjwa hatafuni. Ukichanganya kushoto na kulia, umepoteza nta, plasta na heshima kwa mpigo mmoja. Bi Nta hakuwa amewahi kuchanganya, na alilijua hilo kuliko inavyofaa mtu kujua mazuri yake mwenyewe.

Nyumbani alikuwa na kabati la vioo. Pale ambapo watu wengine huweka vikombe vya wageni, yeye aliweka magari ya mashindano ya zamani, madogo ya kukaa kiganjani, yamechongoka pua, magurudumu yamekaa nje ya mwili kama miguu ya panzi. Machache aliyanunua. Mengi aliyatengeneza mwenyewe, kwa njia ileile ya meno: anachonga nta, anaimwagia plasta, anaiyeyusha nta itoke, anamimina utomvu unaoganda ukawa mgumu mahali pake, kisha anasugua, anasugua, anasugua. Jua la alasiri lilipopita kwenye kabati lile, magari yalionekana kuondoka. Taa ndogo zikang'aa, vivuli vikarefuka nyuma yao kama vumbi, na chumba kizima kikawa kama kona ya barabara ambayo kitu kimepita sasa hivi.

Kila mwezi alikutana na wakusanyaji wenzake katika chumba cha juu ya duka la rangi na misumari. Walikuja na mafurushi yao yamefungwa kwa pamba, wakayafungua taratibu kama watu wanaofunua mtoto aliyelala. Pale Bi Nta alikuwa na neno lake, na wote walilitii: "Picha kwanza." Maana yake, hakuna sehemu ya gari itakayokubaliwa kwa sababu mtu fulani anaikumbuka. Iwepo kwenye picha, au isiwepo. Alisema kwamba gari la zamani huzidi kuongeza kasi kadiri linavyozidi kukaa kuzimu, na kwamba mzee akiachiwa mdomo atalitia mabawa. Wenzake walicheka, lakini hakuna aliyethubutu kuleta bawa.

Sasa, baba yake mwenyewe alikuwa ameendesha gari la namna hiyo. Hakuendesha sana, misimu michache tu ya ujana wake, kabla binti yake hajazaliwa. Baadaye gari lilikatwa vipande likauzwa chuma chakavu, naye akawa mwalimu wa udereva, na umri wake wote uliobaki akaumaliza akiwaambia watu wapunguze mwendo. Kilichosalia kilikuwa picha moja iliyokuzwa, isiyo na rangi, iliyotundikwa sebuleni kwake: kijana amesimama kando ya gari refu la kiti kimoja, mkono juu ya boneti, namba nane kwenye pua ya gari, na yeye anacheka na pengo lake wazi. Jino la pengo hilo lilitolewa na jiwe lililorushwa na gari la mbele. Jambo jingine lililosalia lilikuwa tabia, nayo familia iliitania miaka yote. Mzee hakuwahi kushuka kitu chochote kwa upande wa kulia. Hata kitanda chake kilisukumwa ukutani kwa upande huo, na marehemu mkewe, aliyelala ukutani, alimruka kila alfajiri huku akinung'unika.

Mzee aliugua presha ya macho. Ugonjwa huo humla mtu kutoka pembeni kwenda katikati. Alisema anaiona dunia kama mtu anayechungulia kupitia karatasi iliyoviringishwa, na kwamba kila akiamka anakuta mtu ameiviringa zaidi.

"Mama," alimwambia binti yake alasiri moja, maana ndivyo alivyomwita tangu utotoni, "vigari vya watu wengine umejaza kabati. Cha kwangu kiko wapi?"

"Hujawahi kuniambia unakitaka, Baba."

"Nilidhani utakiwaza mwenyewe."

Bi Nta akainamia kikombe chake. Mzee akamwacha ainame kwa muda, kisha akacheka ili amwokoe.

"Basi nitengenezee sasa. Nataka nikione kabla hili tundu halijaziba. Na kiwe kikubwa kidogo, vile vyako vya kiganjani nitavimeza nikidhani ni dawa."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Vigari vya kabatini vilikuwa vimepunguzwa mara arobaini na tatu. Hiki alikipunguza mara kumi na nane, kikawa na urefu wa kiatu cha mwanamke. Aliichukua picha ukutani, akaibandika juu ya meza yake ya kazi nyumbani, chini ya dirisha, na kila Jumamosi na Jumapili akawa hapatikani. Waya wa njiti za magurudumu ulikuwa waya wa meno, lakini aliununua mwenyewe. Hakuchukua hata kipande cha kliniki, na ukitaka kumkasirisha ungemwambia kwamba hakuna ambaye angejua. Kiti kilishonwa na mume wake, fundi wa makochi, kwa ngozi laini iliyobaki kwenye kazi ya mteja.

"Hili ni kochi la kwanza ninalomshonea mtu asiye na makalio," alisema mume, akishika sindano kwa ncha za vidole.

"Mishono iwe midogo. Kwenye picha haionekani."

"Kama haionekani, mbona nashona?"

"Kwa sababu ipo."

Mume akatikisa kichwa akashona. Aliijua nyumba aliyooa.

Lilikuja tatizo la rangi. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, na hakuna picha nyingine duniani. Bi Nta akaenda kwa baba yake na kopo la bluu, kopo la kijani na kopo la nyekundu. Mzee hakuyatazama hata moja.

"Bluu," alisema. "Lakini si bluu ya mbingu, wala ya sare za shule. Washa jiko la gesi uzime taa. Ile."

Bi Nta aliwasha jiko lake jioni hiyo, akazima taa, akasimama jikoni akiutazama moto mpaka mume wake alipouliza kama wanapika au wanaabudu. Alichanganya rangi kwa muda mrefu. Alipoipuliza juu ya mwili wa gari na ikaanza kukauka, kitu kilitokea ambacho hakukisimulia kwa wakusanyaji wenzake. Meza ilipoteza kingo. Mistari ya mbao ikawa barabara inayopinda, na juu ya barabara hiyo kitu cha bluu kilikuwa kinakuja kutoka mbali sana bila sauti, kikikua, kikikua, na ndani yake kijana mwenye pengo ambaye bado hakuwa baba wa mtu. Alinyoosha mkono kumpungia. Mkono ukagonga kopo la rangi, na barabara ikawa meza tena.

Bomba la moshi alilifanya mwisho. Katika magari yale bomba halikujificha chini. Lilitoka ubavuni mwa injini, nje kabisa, likapita kando ya dereva mpaka mkiani. Picha ilionyesha wazi: bomba lilikuwa upande wa kushoto. Alitengeneza bonde dogo ubavuni la kulilaza, akalisugua mpaka likawa na rangi ya sufuria iliyozoea moto. Wakusanyaji walipolipitisha gari mkono kwa mkono, mwenyekiti wao, muuza miwani mstaafu, alilileta karibu na picha, akalinganisha kwa lenzi yake, akasema hajaona kazi ya namna hiyo. Bi Nta akasema asante, akalifunga kwenye pamba.

Mzee alilipokea akiwa ameketi kitini karibu na dirisha, blanketi magotini. Kwanza alilitafuta kwa tundu lake la jicho, kipande kwa kipande: pua, namba, gurudumu. "Bluu yenyewe," alinong'ona. Kisha akafumba macho akaachia mikono. Vidole vilipanda boneti, vikazunguka usukani mdogo, vikaingia kitini, vikatoka kwa upande wa kulia na kushuka ubavuni. Hapo vikasimama. Vikarudi. Vikashuka tena, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko ambamo ana hakika aliuweka.

"Bomba liko wapi, mama?"

"Liko huku, Baba. Kushoto." Akaushika mkono wake akaupeleka.

"Bomba lilikuwa kulia."

"Kwenye picha ni kushoto."

"Lakini mimi nilikuwa nashukia kushoto. Kulia kulikuwa na moto."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, ya mtu anayeeleza mlango wa nyumba yake uko wapi. Bi Nta angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ataangalia tena. Lakini alikuwa ametumia miaka yake yote kuwakatalia wazee wenye mabawa, na aliona kwamba kumkubalia baba yake kile alichowakatalia baba za wengine ni upendeleo. Ndivyo watu wenye msimamo tunavyoweza kuumiza: tunachukua haki, tunaishika kwa mkono mgumu, na hatutazami nani amesimama mbele yetu.

"Baba, ni miaka mingi," alisema kwa upole. "Picha haizeeki."

Mkono wa mzee ulibaki juu ya gari kama mkono uliosahauliwa pale na mtu mwingine.

"Basi nimesahau mimi," alisema. "Ni gari zuri sana. Ahsante, mama."

Tangu siku hiyo kitu kilianza kumtoka mzee, na hakikuwa macho peke yake. Gari liliwekwa juu ya redio, wala hakulishika tena. Alipoanza hadithi, alikatisha njiani. Aliuliza kama nyumba ya kwanza waliyopanga ilikuwa na ngazi au hapana. Aliuliza kama yeye ndiye aliyemfundisha Bi Nta kuendesha, au walimlipa mtu. Bi Nta alimjibu, naye akasikiliza kwa adabu, kama mgeni anayesimuliwa habari za ukoo wa wenyeji. Na siku moja, wakati anamkata kucha, alimuuliza bila kuonyesha huzuni yoyote:

"Mama yako alikuwa mrefu au mfupi?"

Kikatio kikasimama.

"Unamjua Mama alivyokuwa, Baba."

"Nadhani namjua. Lakini kudhani ni kudhani. Picha inasemaje?"

Hakukuwa na picha ya mama yake akiwa amesimama. Zote alikuwa ameketi, amepakata mtoto. Bi Nta alimaliza kukata kucha akaenda nyumbani.

"Nimemnyang'anya," alimwambia mume wake.

"Umemnyang'anya nini? Umempa gari."

"Nimemwambia hakijui kiti alichokalia."

Mume alikuwa anavuta kamba za kochi, misumari midomoni. Aliitema mmoja mmoja mkononi kabla ya kusema.

"Mimi si mtu wa picha. Ila rangi uliipata wapi?"

"Kwake."

"Kwa mdomo."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mdomo wake unajua bluu, haujui kulia." Akairudisha misumari midomoni.

Jawabu lilikuja kwa njia ya jino. Mzee aliangusha bati lake la meno sakafuni, lile lililoziba pengo, na waya wake mdogo ukakatika. Bi Nta ndiye aliyemtengenezea miaka iliyopita, na kinywa cha plasta cha baba yake hakikukaa kliniki kama vya wengine. Alikitunza nyumbani, droo ya juu, kimefungwa kitambaa. Jumamosi asubuhi alikitoa, akakiweka mezani kikimtazama, akajaribisha lile bati lililovunjika. Pengo lilikuwa upande wa kushoto wa baba yake. Yaani, kwa yeye aliyeketi mbele, mkono wa kulia. Alilijua bila kufikiri, kama unavyojua mlango wa chumba chako gizani.

Akainua macho kutafuta koleo. Juu ya meza, mahali palepale alipoirudisha baada ya kikao cha wakusanyaji, picha ilikuwa inamcheka. Pengo lake, kwa Bi Nta aliyeketi mbele yake, lilikuwa mkono wa kushoto.

Bi Nta alitazama plasta, akatazama picha. Akafanya jambo ambalo mtu wa kazi yake angeona aibu kuonekana akilifanya: alijigusa shavu lake mwenyewe kuhakikisha kushoto ni wapi. Kisha akaibandua picha ukutani, akaenda nayo chumbani polepole sana, kama amebeba bakuli la maji yaliyojaa mpaka ukingoni, akasimama mbele ya kioo cha kabati la nguo.

Ndani ya kioo alikuwamo baba yake. Si kijana fulani wa picha. Baba yake, na mdomo wake ule uliopinda kidogo kabla ya mzaha, na pengo mahali pa pengo. Mwanga wa asubuhi ulikuwa umejaa kwenye kioo kama maji, na ndani ya maji hayo gari refu lilikuwa limetulia na namba yake nane, ambayo ukiigeuza upande wowote inabaki nane, na usukani wake wa katikati usioegemea popote. Bomba la moshi lilikuwa upande wa kulia.

Ni jambo dogo kabisa. Mpiga picha, alipokuwa akiikuza, aliiweka filamu kifudifudi. Hakuna aliyegundua. Mzee mwenyewe asingegundua, kwa sababu mtu uso wake anaujua kwa kioo tu, na picha ile ilimwonyesha sawasawa na kioo chake cha kunyolea ndevu; na bomba hakuwa na haja ya kulitafuta pichani, alilijua kwa ngozi yake. Wageni hawakuwa na sababu ya kujua. Mtu mmoja tu duniani alikuwa na sababu, aliyekishika kinywa kile mikononi, aliyekichonga na kukisugua. Naye kwa wiki zote zile, Jumamosi na Jumapili, alihesabu njiti za magurudumu chini ya picha ile na hakumtazama baba yake usoni hata mara moja.

Simwonei huruma sana, na yeye hakujihurumia. Kizazi chetu kimejizoesha kuamini kila kilichochapwa na kutilia shaka kila aliyekuwepo, na tunaita hiyo akili. Lakini hili nampa: hakungoja. Wengi wetu, tukigundua tumemkosea mzazi, tunatafuta kwanza zawadi ya kwenda nayo, ili msamaha uje umefungwa kwenye karatasi nzuri. Bi Nta alivua aproni, akaenda na mikono mitupu na nta kwenye kucha.

Mzee alikuwa amekaa upande wa dirisha.

"Baba, nimekuja kusema nilikosea. Bomba lilikuwa kulia. Picha ilichapwa kinyume. Nimeona kwa pengo lako."

Mzee aligeuza kichwa akamtafuta kwa jicho lake mpaka akampata.

"Umeongea na mumeo," alisema.

"Hapana. Yaani, ndiyo, lakini si hilo. Ni jino, Baba. Nimeweka plasta na picha pamoja."

"Mama, sikiliza. Mimi nilifundisha udereva. Mwanafunzi akianza kutoa machozi, unamwambia ameegesha vizuri hata kama amepanda ukingo." Akampapasa mkono. "Si kosa. Wewe una moyo mzuri. Lakini usinidanganye kwa upole, nitashindwa kujua kipi ni kipi."

Bi Nta akanyoosha picha. Mzee akaishika karibu, akaisogeza mbali, akaitoa kwenye mwanga akairudisha. Tundu lake lilikuwa limebana mno. Aliona doa jeusi na doa jeupe.

"Nitakuonyesha," alisema binti.

"Utanionyeshaje? Macho yenyewe ndiyo haya."

"Sitakuonyesha machoni."

Mume wake alishauri njia ya mkato: ang'oe bomba, alibandike upande wa pili. Bi Nta alilitazama gari kwa muda. Lile bonde la ubavuni lingebaki kushoto, limezibwa kwa kujaziliza, na ubavu wa kulia ungechimbwa upya juu ya rangi. Jicho lingedanganyika. Lakini gari hili halikuwa la jicho tena. Vidole vya mzee vingelikuta lile jeraha, na vingeuliza.

Akachonga nta upya. Safari hii aliisimamisha picha mezani huku ameigeuza itazame ukuta, na ukutani, mkabala nayo, akaegemeza kioo kidogo cha kliniki, kilekile cha kuchungulia nyuma ya meno, ambacho alikiombea ruhusa. Lakini pale aliposhindwa kuona alikwenda kuuliza. Mkono wako ulikaa wapi, Baba? Breki ilikuwa ngumu? Ukikaa, ukingo ulikufika hapa au hapa? Mzee alijibu kwa mashaka mwanzoni, kila jibu akilifungia kwa "sijui lakini". Bi Nta aliandama kila "sijui lakini" na kuitia ndani ya nta. Aligundua kwamba kulikuwa na kipande cha ngozi kilichofungwa ukingoni, upande wa kulia peke yake, kwa ajili ya kiwiko, ambacho picha isingekionyesha kwa sababu mwili wa kijana ulikifunika. Mume akashona tena, bila neno juu ya makalio.

Alikuwa anashindana na lile tundu. Alilijua, na mzee alilijua, na hawakulitaja. Alipolipuliza gari bluu yake mara ya pili, alifungua madirisha yote, na harufu ya rangi ikaenda mpaka barabarani, na yeye akaketi akisubiri ikauke huku mikono imelala mapajani kama mikono ya abiria.

Alilipeleka alasiri, jua likiwa chini, limeingia dirishani mpaka ukuta wa pili. Mzee alikuwa kwenye kiti chake na blanketi lake. Bi Nta alichukua gari la kwanza juu ya redio akaliweka kwenye goti la kushoto, na jipya akaliweka kwenye goti la kulia. Blanketi lilikuwa na mikunjo, na magari mawili ya bluu yalisimama juu ya mikunjo hiyo kama juu ya vilima vya nchi ambayo hakuna mwingine aliyefika.

"Mawili?" aliuliza mzee baada ya kupapasa.

"Moja ni la picha. Moja ni lako."

"Kama viatu."

"Kama viatu, Baba. Niambie kipi kinakubana."

Alifumba macho. Lile la kushoto aliligusa kidogo tu, akaliacha. La kulia akalichukua kwa mikono miwili. Vidole vikapanda boneti, vikazunguka usukani, vikaingia kitini, vikatoka kulia na kukuta kipande cha ngozi. Kiwiko chake halisi, bila yeye kukiambia, kikajitoa kwenye mkono wa kiti na kukaa hewani, mahali pake. Vidole vikashuka ubavuni. Na kabla havijalifikia bomba, kwa umbali wa kama upana wa kidole, vikaruka. Mkono mzima ukaruka nyuma, kama mkono wa mtu aliyekaribia sufuria, na mzee akafyonya.

Kisha akafungua macho, akautazama mkono wake. Aliutazama kwa muda mrefu, kupitia tundu lake dogo, kana kwamba ni mkono wa mtu anayerudi kutoka safari.

"Lina moto," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

Mzee akalishusha gari kwenye blanketi, akalisukuma kwa kidole kimoja. Magurudumu yakazunguka. Likapanda mkunjo, likashuka, likaingia kwenye kivuli cha mkono wake, likatoka upande wa pili kwenye jua, na bluu yake ikawaka. Alilifuata kwa kichwa, si kwa macho.

"Hapa ndipo palikuwa na ile kona," alisema, akilizungusha kwenye goti. "Watu walisimama huku, wengi, wamekanyagana. Nilikuwa siwaoni, unaona rangi tu zinapita. Mmoja tu ndiye niliyemwona. Mama yako alikuwa mrefu. Alitokea juu ya vichwa vya wote, na hakuwa anapunga mkono kama wengine. Alikuwa amekunja mikono, amekasirika, kwa sababu nilimwambia siendi mashindanoni."

Akacheka, na pengo lake likacheka naye, kwa sababu bati lilikuwa bado halijarudishwa. Bi Nta aliketi sakafuni, upande wa kushoto wa kiti, ule anaoshukia. Hakuuliza kama kuna picha.